Prius kompresheni 13 farasi 77, IST kompresheni 10.5 farasi 109, na injini zote ni 1NZ. Tuongee kompresheni na kemshafti

MLETA UZI

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mjadala wa magari ukinoga lazima atokee mtu aseme "peleka hedi ikakwanguliwe, kompresheni ipande, gari itachanganya". Watu wanasikiliza, wanapeleka hedi (kifuniko cha juu cha injini), wanarudi na injini inayogonga mlimani, yaani inayolia kama kokoto ndani. Naomba nilieleze hili kwa hesabu, maana kompresheni (mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mara ngapi ndani ya silinda) haifanyi kazi peke yake. Ina mwenzake, nao ni wakati ambao kemshafti (mhimili unaofungua na kufunga valvu) inafunga valvu za inteki, yaani milango ya kuingizia hewa. Ukimgusa mmoja umemgusa na mwingine.

Nachukua injini ambayo mtaani kwetu iko kila kona: 1NZ-FE. Iko kwenye IST ya 1.5, Probox, Raum, Spacio, Premio na Allion za 1.5. Kipenyo cha silinda ni mm 75, safari ya pistoni mm 84.7, jumla cc 1497. Uwiano wa kompresheni ni 10.5 kwa 1. Kwa matoleo mengi ya Japani inatoa farasi 109 kwa mizunguko 6000 kwa dakika, na toki (nguvu ya kuzungusha) Nm 141 kwa mizunguko 4200.

Sasa fungua boneti ya Prius ya kizazi cha pili, ile iliyotoka 2003. Unakuta 1NZ-FXE. Kipenyo mm 75, safari mm 84.7, cc 1497. Ndugu wa tumbo moja. Kompresheni 13 kwa 1. Kwa kanuni ya mtaani hii ndiyo ingepaswa kuwa na nguvu zaidi. Lakini inatoa farasi 77 kwa mizunguko 5000, na toki Nm 115 kwa mizunguko 4000.

Kwa nini? Tuanze na maana ya ile namba. Silinda moja ya 1NZ pistoni inafagia cc 374. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na hedi kwenye 1NZ-FE ni kama cc 39.4. Jumlisha 374 na 39.4, gawa kwa 39.4, unapata 10.5. Kwenye ya Prius nafasi hiyo ni kama cc 31, ndiyo maana unapata 13. Basi. Ni namba ya vipimo vya chuma, haijui valvu inafungwa lini wala hewa kiasi gani imeingia.

Faida ya kubana zaidi ipo, tena ni ya uhakika. Ukichoma mchanganyiko ukiwa umebanwa sana, gesi inapata safari ndefu ya kutanuka huku ikisukuma pistoni, kwa hiyo joto linalogeuka kazi linaongezeka kidogo, badala ya kutokea eksozi. Kwa hesabu ya kinadharia ya mzunguko wa Otto (kanuni ya injini ya petroli), kompresheni 8 inakupa ufanisi wa asilimia 56.5, 10 inakupa 60, 12 inakupa 63, 14 inakupa 65. Injini halisi iko chini sana ya hapo, ila mwelekeo ndio huo. Tazama jinsi faida inavyopungua kadiri unavyopanda. Kutoka 8 kwenda 10 umepata nyongeza ya asilimia 6 na nusu ya nguvu kwa hewa ile ile. Kutoka 12 kwenda 14 umepata kama 3 na nusu tu, na hatari ya kugonga imeshakuwa kubwa.

Sasa mwenzake. Watu wengi wanadhani pistoni ikifika chini kabisa valvu za inteki zinafunga, kisha kubana kunaanza. Haiko hivyo. Valvu inabaki wazi hata pistoni ikishaanza kupanda. Kwenye 1NZ-FE, kwa sababu ya VVT-i (mfumo unaosogeza kemshafti ya inteki mbele na nyuma), valvu inaweza kufunga popote kati ya digrii 12 na 52 za mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) baada ya pistoni kupita chini. Kwenye 1NZ-FXE ni kati ya digrii 72 na 105. Digrii 105, wakuu! Pistoni imeshavuka nusu ya safari yake kupanda na valvu bado iko wazi, hewa inarudishwa kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ilikotoka.

Twende kwenye namba. IST tuseme inafunga digrii 30. Pale pistoni imebakiza karibu asilimia 95 ya safari, kwa hiyo cc 356 kati ya 374 ndizo zinabanwa kweli. Kompresheni ambayo hewa inaisikia ni kama 10. Prius ikifunga digrii 72, zinabaki cc 271, na kompresheni inayosikika ni kama 9.7. Ikisogea hadi digrii 105 zinabaki cc 166 tu, na kompresheni inayosikika inashuka hadi 6 na kidogo. Ile 13 iliyoandikwa inabaki upande wa kutanuka peke yake.

Linganisha hizo mbili za kwanza. Hewa iliyonaswa kwenye Prius ni asilimia 76 ya ile ya IST. Kila gramu ya hewa hiyo inafanya kazi vizuri zaidi kwa kama asilimia 5, kwa sababu kutanuka ni mara 13 badala ya 10.5. Zidisha, unapata 80. Sasa gawa Nm 115 kwa Nm 141: unapata karibu 82. Hesabu hii ni ya jiometri tupu, haijahesabu kasi ya hewa wala msuguano, lakini ona ilivyoangukia karibu.

Kwa kifupi, kemshafti inaamua hewa kiasi gani inanaswa, na kompresheni inaamua hewa hiyo inatumika vizuri kiasi gani. Nguvu ni zao la hivyo viwili, ukizidisha na mizunguko kwa dakika. Wazo la kutanuka kurefu kuliko kubana ni la Mwingereza James Atkinson, miaka ya 1880. Yeye alitumia vyuma vingi vya kuunganisha pistoni na krenki. Toyota wamelipata kwa kuchelewesha valvu tu.

Karibuni tuchangie.

MKAZA NATI

Mkuu umeandika vizuri lakini hapo kwenye Prius naona umezunguka. Farasi ni chache kwa sababu kuna mota ya umeme inasaidia. Haihusiani na kompresheni.

MLETA UZI

Mkaza Nati, mota ya kW 50 ndiyo iliyowaruhusu Toyota kuchagua hivyo. Haielezi kilichotokea ndani ya silinda. Walijua dereva akikanyaga, umeme utaziba pengo la chini, basi wakaitengeneza injini iwe bahili. Na kuna jambo moja sikuligusa: 1NZ-FXE imewekewa kikomo cha mizunguko 5000, wakaipa vyuma vyepesi na msuguano mdogo. Kwa hiyo farasi zimepungua kwa njia mbili, hewa kidogo kila mzunguko na mizunguko michache kila dakika. Toki ndiyo inayokuonyesha suala la hewa peke yake, ndiyo maana nililinganisha Nm.

FUNDI WA GEREZANI

Shukrani kiongozi. Naongezea la gereji maana linaumiza watu mifuko. Ililetwa Prius hapa, mwenyewe ameshaambiwa kwingine kuwa injini imekwisha, anunue nyingine. Sababu? Walipima kompresheni kwa geji, ikasoma chini ya bar 10 silinda zote nne. Fundi aliyezoea 1NZ-FE anajua nzima inasoma karibu bar 15 na ikishuka chini ya 11 imechoka, kwa hiyo alipoona 9 akahukumu. Ile injini ilikuwa nzima kabisa. Silinda zote zilisoma karibu sawa, haili oili, moshi hakuna. Prius yenye afya inasoma hivyo hivyo. Tulisafisha throto (mlango unaopimia hewa ya injini), tukabadilisha plagi, ikaondoka.

MLETA UZI

Fundi, hapo umemaliza kila kitu. Gari yenye kompresheni 13 kwenye kitabu inasoma chini kuliko yenye 10.5, kwa sababu geji inapima hewa iliyonaswa baada ya valvu kufunga. Haipimi vipimo vya chuma. Ndugu zangu mnaonunua au kuuza haibridi, lishikeni hili. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda: zikipishana zaidi ya bar 1 hapo ndipo uanze kuuliza maswali.

Na mlioko nyanda za juu, geji inasoma chini zaidi kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Usilinganishe kipimo cha Njombe na cha Dar.

MAMA PROBOX

Habari za humu. Mimi nina Probox nafanyia biashara ya mbogamboga, Uyole hadi mjini Mbeya na wakati mwingine Tukuyu. Zamani ilikuwa inaondoka vizuri na mzigo. Sasa hivi ikiwa chini ni nzito, inabidi niikanyage sana, ila ikishachangamka inaenda kama kawaida. Nimeshauriwa kukwangua hedi kupandisha kompresheni. Nifanye?

MLETA UZI

Mama Probox, tafadhali usifanye. Gari iliyokuwa na nguvu chini na sasa haina, haijapungukiwa vipimo vya chuma. Kuna kitu kimeacha kufanya kazi. Na dalili uliyotaja, nzito chini na sawa juu, ndiyo dalili ya valvu za inteki kufunga kwa kuchelewa wakati zilipaswa kuwahi.

Hewa ina uzito. Injini ikizunguka kasi, hewa inayokimbilia ndani ya silinda haisimami ghafla pistoni inapofika chini. Inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikiwa inapanda. Ndiyo maana kwenye mizunguko mikubwa kuchelewa kufunga kunalipa. Lakini kwenye mizunguko 1500 ukiwa na mzigo, hewa haina kasi hiyo. Valvu ikichelewa, pistoni inairudisha nje. VVT-i ipo kwa ajili hiyo: ukikanyaga ukiwa chini, inasogeza kemshafti ya inteki mbele ili valvu iwahi kufunga. Ukiwa sailensa (injini inawaka na hujakanyaga mafuta) inairudisha nyuma ili valvu za inteki na eksozi zisiwe wazi kwa pamoja, injini itulie.

Kinachoisogeza ni oili ya injini. Oili ikiwa chafu au ikipungua, ile valvu inayopitisha oili kwenda kwenye gia ya VVT-i inakwama, au kichujio chake kidogo cha waya kinaziba. Kemshafti inabaki nyuma muda wote. Dalili zake ni hizo zako. Ingekwama mbele, gari ingetetemeka sailensa na kuzimika. Mwambie fundi atoe valvu hiyo, aisafishe na kuijaribu kwa umeme wa betri kama inacheza, asafishe kichujio, amwage oili aweke ya unene unaotakiwa. Na aangalie cheni ya taiming kama haijalegea. Ni kazi ndogo ukilinganisha na kufungua hedi.

MKEREZAJI

Sisi tunakwangua hedi kila siku na watu wanasifia. Ukitoa nusu milimita mtu anaona tofauti.

MLETA UZI

Mkerezaji, heshima kwako, kazi yenu tunaihitaji hedi ikipinda. Ila tupige hesabu ya hiyo nusu milimita kwenye 1NZ-FE. Kwa kipenyo cha mm 75, mm 0.5 ni cc 2.2 kwa makadirio ya juu kabisa. Nafasi inashuka kutoka 39.4 hadi 37.2. Kompresheni inatoka 10.5 inakwenda 11.06. Kwa hesabu ya Otto faida ni asilimia 1.3. Kwenye farasi 109 hiyo ni farasi moja na nusu, na bado sijatoa chochote kwa ajili ya kugonga.

Halafu kuna kitu kinachosahaulika. Kemshafti iko juu ya hedi. Ukiishusha hedi, umeisogeza kemshafti karibu na krenki, na upande wa cheni unaovuta unakuwa umefupika. Kemshafti inazunguka nyuma kidogo, kama digrii moja kwa hiyo nusu milimita. Valvu zinafungua na kufunga kwa kuchelewa, pande zote mbili. Kwa hiyo umepandisha kompresheni kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto umechelewesha inteki. Tena 1NZ-FE valvu na pistoni zinakutana taiming ikikosewa, na wewe umeshazisogeza karibu.

Anayeona tofauti baada ya kukwangua, mara nyingi hedi yake ilikuwa imepinda inavujisha, au fundi alisaga valvu, akaweka gasketi mpya, plagi mpya. Nguvu imetoka huko.

LEVIN NAIROBI

Sasa msee, hizo za 1NZ ni za kazi. Niko Nairobi, nina Levin AE111 ya 4A-GE blacktop, kompresheni 11, farasi 165. 4A-FE ya kawaida ni cc zile zile 1587 na iko kwa 110 hivi. Huoni hapo ni compression ndio imefanya?

MLETA UZI

Levin, asante kwa kuleta 4A, maana ni mfano mtamu kuliko hata 1NZ. Zote kipenyo mm 81, safari mm 77. 4A-FE ina 9.5, blacktop ina 11. Faida ya kinadharia kutoka 9.5 hadi 11 ni asilimia 4. Toa 110, weka asilimia 4, unafika 114. Farasi hamsini na moja zilizobaki zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye kupumua. Valvu tano kila silinda, tatu za kuvuta na mbili za kutoa. Throto nne, kila silinda na yake. Kemshafti zinazoinua valvu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu zaidi. Na VVT. Kwa sababu hiyo 4A-GE hii ya 20V (valvu 20) inavuta hadi mizunguko 7800, pale ambapo 4A-FE imeshakata pumzi karibu na 6000. Angalia: 7800 kwa 6000 ni mara 1.3. Farasi 165 kwa mizunguko 7800 ni kama Nm 149, na farasi 110 kwa 6000 ni kama Nm 129, yaani mara 1.15. Zidisha 1.3 kwa 1.15, unapata mara 1.5, na 165 kwa 110 ni mara 1.5 kamili. Sehemu kubwa ni mizunguko, na mizunguko inaletwa na kemshafti na njia za hewa.

Je, ile 11 haina kazi? Inayo, tena kubwa, na hapa ndipo hivi viwili vinaposhikana mikono. Kemshafti kali inafunga inteki kwa kuchelewa, kwa hiyo kwenye mizunguko midogo inarudisha hewa na kompresheni inayosikika inashuka. Ungeweka kemshafti za namna hiyo kwenye injini ya 9.5, mjini gari ingekuwa zito kabisa. Ukipandisha hadi 11 unarudisha kilichopotea chini. Na kwa sababu valvu inachelewa, injini inavumilia 11 bila kugonga ovyo. Ndiyo maana watengenezaji wa injini za mashindano hupanga kompresheni na kemshafti siku moja, mezani pamoja. Kununua kemshafti ya digrii 272 (inayoacha valvu wazi muda mrefu) ukaiweka kwenye injini iliyobaki vile vile ni kununua sailensa ya kutetemeka.

Kwa Nairobi una bahati moja na hasara moja. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 mgandamizo wa hewa uko chini kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa, na nguvu inapungua hivyo hivyo. Lakini hewa nyepesi inagonga kwa shida, kwa hiyo kompresheni 11 inakaa vizuri zaidi huko kuliko pwani. Ukishuka Mombasa kwenye joto, weka petroli ya okteni ya juu, yaani isiyogonga kirahisi. Injini hiyo ilitengenezwa kwa petroli ya juu ya Japani, ambayo kwa kiwango chao ni RON (kipimo cha okteni) 96 na kuendelea. Ya kawaida yao ni 89, na hiyo ndiyo 1NZ inakunywa bila shida.

DEREVA WA KITONGA

Kugonga ndiyo nini hasa? Mimi nasikia tu kitu kama kokoto kwenye injini nikipandisha Kitonga na gia kubwa.

MLETA UZI

Ndicho hicho. Plagi inawasha, moto unasambaa kutoka katikati. Mchanganyiko ulioko pembeni ambao moto haujaufikia unabanwa na kupashwa joto na huo moto unaokuja, hadi unalipuka wenyewe wote kwa mpigo. Wimbi la mgandamizo linapiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, unasikia kokoto. Kitonga na gia kubwa ni mahali pake hasa: mizunguko midogo, throto wazi, VVT-i imewahisha kufunga, silinda imejaa hewa, joto kali, na muda mrefu wa kusubiri moto. Kompresheni inayosikika iko kwenye kilele. Shusha gia, mizunguko ipande. Gari za kisasa zina sensa ya kusikiliza mlio huo, kompyuta inachelewesha moto wa plagi. Injini inapona lakini nguvu inapungua.

KIJANA WA IST

Mkuu swali la mwisho. Kuna mtu ananiuzia pistoni za Prius, anasema zinaingia kwenye 1NZ-FE, napata kompresheni 13 kwa bei ya chini. Nikiziweka na kemshafti zangu za IST?

MLETA UZI

Kijana, turudi kwenye digrii. Kemshafti yako ya IST ikiwahishwa na VVT-i inafunga hadi digrii 12. Hapo hewa yote imenaswa na kompresheni inayosikika inakuwa karibu 13 kamili. Toyota wenyewe hawakuwahi kuifikisha silinda hiyo huko. Waliiandika 13 wakahakikisha inaishi chini ya 10. Sensa itasikia kugonga, itarudisha moto nyuma, na kwenye mzigo unaweza kuishia na nguvu ndogo kuliko uliyonayo leo. Faida ya kinadharia ukipata yote ni asilimia 5, farasi tano au sita.

Mazda walifika 14 kwenye Demio ya Skyactiv ya 2011 inayotumia petroli ya kawaida, na hata wao ilibidi wabadilishe umbo la kichwa cha pistoni, upuliziaji wa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ucheleweshaji wa inteki. Ilitoa farasi 84 kwa cc 1300. Walikuwa wanatafuta matumizi madogo ya mafuta.

Kama fundi wako ana mashine ya kupanga upya ramani ya moto wa plagi na VVT-i, anaweza kuzuia valvu isifunge mapema kuliko digrii 50 hivi. Hapo inayosikika inabaki 11 na kidogo, na ukiwa nyanda za juu inaweza kuishi. Bila hiyo mashine, hela hiyo peleka kwenye oili nzuri, plagi, na sensa ya hewa iliyosafishwa. Uko mkoa gani? Na gari yako inasoma bar ngapi kila silinda kwa sasa? Niwekee hapa namba zote nne tuone.